Ukuta wa pamoja, notisi na sevea: mwongozo kwa anayejenga nyumbani Uingereza

Ukitaka kuongeza jiko nyuma ya nyumba yako London, Leicester au Cardiff, au kugeuza dari iwe chumba cha kulala, kuna ruhusa tatu zinazokuhusu, na wengi wetu tunazichanganya. Ya kwanza ni kibali cha mipango miji kutoka kaunsili. Ya pili ni kanuni za ujenzi, yule mkaguzi anayekuja kuangalia mtaro wa msingi kabla zege halijamwagwa. Ya tatu inamhusu jirani, na hiyo kaunsili haiigusi kabisa. Unaweza kuwa na kibali mkononi, mkaguzi amepangiwa siku, na bado usiwe na haki ya kukata tofali moja la ukuta mnaochangia. Hata kazi isiyohitaji kibali, kama nyongeza ya nyuma isiyozidi mita 3 kwa nyumba iliyoshikana na nyenzake, bado jirani ana haki zake.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Kuta za Pamoja ya mwaka 1996. Ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1997 katika England na Wales. Scotland na Ireland Kaskazini haifiki. London ilikuwa na taratibu za namna hii tangu zamani, kwa sababu mji ule umejengwa nyumba begani kwa nyumba. Sheria ya 1996 ilichukua utaratibu wa London na kuupeleka England na Wales nzima.

Mimi ni mtoto wa Mombasa, nafanya kazi ya usevea wa majengo, yaani kuyakagua na kuyapima, mashariki na kaskazini ya London, na kuta hizi ndizo sehemu kubwa ya kazi yangu. Watu wetu hunipigia simu wakati mchanga umeshamwagwa mbele ya geti na fundi ameshakula nusu ya malipo. Hapo ninachoweza kufanya ni kidogo, na gharama ni kubwa. Mtu akinipigia, au akimpigia sevea mwingine yeyote, miezi mitatu au minne kabla, karibu kila kitu hupangika bila ugomvi. Basi naandika ili simu hiyo ije mapema.

Kazi gani inahitaji notisi

Sheria inashika aina tatu za kazi.

Aina ya kwanza ni kuugusa ukuta wa pamoja wenyewe. Katika nyumba nyingi za zama za Malkia Victoria na za miaka ya 1930 ukuta kati yako na jirani una unene wa inchi tisa tu, na mpaka kwa kawaida unapita katikati yake. Ukijenga chumba darini, bimu za chuma zinazobeba sakafu mpya huingizwa ndani ya ukuta huo. Ukiondoa dohani ili sebule ipanuke, unakata kitu kilichofungamana nao. Kuuinua, kutia msingi mpya chini ya ule wa zamani, kuingiza utando wa kuzuia unyevu usipande: yote hayo yanahitaji notisi ya angalau miezi 2 kabla ya kuanza.

Aina ya pili ni kujenga ukuta mpya kwenye mstari wa mpaka, pale ambapo hapakuwa na jengo. Notisi yake ni mwezi 1. Ukitaka ukuta huo ukalie mpaka, nusu kwako nusu kwake, lazima akubali kwa maandishi. Asipokubali ndani ya siku 14, utaujenga wote upande wako, kwa gharama yako.

Aina ya tatu ndiyo inayowapita watu: kuchimba. Kama unachimba ndani ya mita 3 kutoka jengo la jirani, na shimo lako litashuka chini kuliko sehemu ya chini ya msingi wake, unampa notisi ya mwezi 1. Kuna na kipimo cha mita 6 kwa mashimo marefu zaidi: piga mstari wa kushuka kutoka chini ya msingi wa jirani, ulale nyuzi 45 kuja upande wako, shimo lako likiukata mstari huo ndani ya mita 6, notisi inahitajika.

Hapa fundi atakwambia, "Hatumgusi jirani, tunachimba uani kwako." Anasema kweli kuhusu uwanja, lakini hajauliza msingi wa jirani umeishia wapi. Nimeshuka kwenye shimo la majaribio nyuma ya nyumba ya Victoria huko Wood Green. Matofali ya chini yalikuwa yamepangwa yakipanuka ngazi ngazi, safu tatu, halafu basi; chini yake udongo wa mfinyanzi wa rangi ya kahawia. Yote hayo yaliishia kina kisichonifika gotini. Msingi wa leo, mkaguzi hataukubali mpaka ufike kama mita moja, na penye mti mkubwa utashuka zaidi, kwa maana mfinyanzi wa London hunywea wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua. Kwa hiyo kwenye nyumba zilizoshikana, nyongeza yoyote ya nyuma karibu lazima itachimba chini kuliko msingi wa jirani. Chukulia hivyo mpaka uoneshwe vingine.

Usiogope kila kitu, lakini. Kutundika rafu, kuweka soketi ya umeme, kupiga lipu upya upande wako: hayo hayahitaji notisi.

Jirani ni nani mbele ya sheria

Huyu unayemsalimia asubuhi anaweza asiwe yeye. Sheria inamtaka mwenye mali. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi hahesabiki, lakini mwenye mkataba wa pango unaozidi mwaka 1 anahesabika, pamoja na mwenye ardhi aliye juu yake. Kwa hiyo nyumba ya jirani iliyogawanywa fleti mbili inaweza kuwa na wenyewe watatu: wa chini, wa juu, na mwenye ardhi, na kila mmoja anapata notisi yake. Majina utayapata Land Registry, ofisi ya usajili wa ardhi, kwa ada ndogo, mtandaoni, dakika chache. Wewe mwenyewe ukiwa kwenye fleti, kumbuka kwamba sakafu inayokutenganisha na wa chini inaweza kuhesabiwa sawa na ukuta wa pamoja.

Angalia pia upande wako. Nyumba ikiwa na majina mawili, lako na la mkeo au la ndugu yako, notisi iandikwe kwa majina yote mawili. Mahakama ilishawahi kuikataa notisi iliyotolewa na mmoja tu wa wamiliki wawili. Kwetu ni kawaida mume kusaini kila kitu; hapa kusaini huko peke yake kunaweza kuivunja notisi nzima ukaanza upya.

Nenda kwanza, kisha andika

Kabla ya karatasi yoyote, piga hodi. Nenda na mchoro wa mchora ramani, hata kama ni wa awali, umwoneshe jirani kwa kidole: hapa ndipo ukuta utapanda, huku ndiko tutakapochimba, kazi tunatarajia ianze baada ya Pasaka. Mtu aliyeoneshwa mchoro sebuleni mwake hapokei notisi kama shambulio. Mtu aliyeikuta bahasha kwenye zulia la mlangoni, ina maneno ya kisheria na tarehe, anapiga simu kwa wakili.

Lakini neno la sebuleni halitoshi. Mji wa Kale, Mombasa, mzee wa nyumba ya pili akisema "haya mwanangu, jenga," umemaliza. Huku akisema hivyo, mshukuru, halafu mpe notisi na umwombe akubali kwa maandishi. Si kwamba humwamini. Anaweza kuiuza nyumba mwezi ujao, na atakayenunua hakuwapo sebuleni.

Notisi unaweza kuiandika mwenyewe. Serikali imetoa kijitabu cha maelezo cha bure mtandaoni chenye mifano ya barua. Inatakiwa iwe na majina yenu na anwani, kazi yenyewe kwa ukamilifu, na tarehe unayotaka kuanza. Kwa kuchimba, lazima uambatanishe ramani na mchoro wa mkato unaoonesha mahali na kina cha shimo, na useme kama utaimarisha msingi wa jirani au la. Notisi ya kuchimba isiyo na mchoro si notisi. Mpe mkononi au itume kwa posta. Barua pepe imeruhusiwa tangu 2016, ila tu kama mpokeaji amekubali kupokea kwa njia hiyo. Tunza nakala na andika tarehe uliyoipeleka.

Notisi ya ukuta wa pamoja au ya kuchimba hufa usipoanza kazi ndani ya miezi 12. Kwa hiyo usiipeleke wakati bado unasubiri mkopo wa benki.

Siku 14, na maana ya kunyamaza

Baada ya kupokea, jirani ana siku 14. Akikubali kwa maandishi, hakuna haja ya sevea wa kuamua chochote, mnaendelea. Hata hivyo nakushauri umlipe sevea atengeneze ripoti ya hali ya nyumba ya jirani kabla ya kazi. Nitaeleza kwa nini.

Akikataa, au akinyamaza, kwa notisi ya ukuta wa pamoja au ya kuchimba, sheria inahesabu kwamba kuna mgogoro kati yenu, na hapo ndipo masevea wanapoingia. Neno mgogoro linawatisha watu bure. Mzee mmoja wa East Ham aliacha kumsalimia jirani yake wa siku nyingi kwa sababu jibu lilirudi limetiwa alama kwenye kisanduku cha "sikubali". Jirani hakuwa na ubaya wowote: alitaka tu mtu mwenye ujuzi aangalie ukuta kabla haujakatwa. Kutokubali ndiko kunakomfungulia mlango huo, na ni haki yake kamili.

Na hawezi kukuzuia kujenga. Hili ninalisema kwa pande zote mbili, kwa sababu pande zote mbili hulikosea. Sheria inampa anayejenga haki ya kufanya kazi zilizotajwa ndani yake, na inampa jirani ulinzi wakati zikifanywa. Ukiacha ule ukuta wa kukalia mpaka, kitu kimoja ambacho jirani anaweza kukataa moja kwa moja ni msingi wenye nondo au bimu za chuma kuingia kwenye ardhi yake. Huo unahitaji ridhaa yake ya maandishi.

Sevea ni nani, na anamtumikia nani

Kuna njia mbili. Ya kwanza, nyote wawili mnamchagua sevea mmoja, anafanya kazi kwa ajili yenu nyote. Ya pili, kila mmoja anamteua wake, na hao wawili, kabla ya jambo lolote lingine, wanamchagua wa tatu. Huyo wa tatu mara nyingi hamtamwona kamwe. Yupo akingoja: masevea wawili wakishindwa kuelewana, au mmoja wenu akiwa na jambo, anaitwa aamue.

Njia ya sevea mmoja ni nafuu na ya haraka, na kwa kazi ya kawaida, chumba cha dari au jiko la nyuma, mimi naipendekeza bila kusita. Kwa kuchimba chumba cha chini ya ardhi, au pale mlipokwisha kugombana, afadhali wawili.

Sasa shika hili, maana ndilo kiini cha kazi nzima: sevea aliyeteuliwa chini ya sheria hii si wakili wako. Hata kama wewe ndiye umemteua na wewe ndiye unamlipa, kazi yake ni kuitimiza sheria kwa haki baina yenu. Ndiyo maana uteuzi hufanywa kwa maandishi, na ukishafanywa huwezi kuufuta kwa sababu hukupenda alichosema. Wapo wateja walionikasirikia: "Mimi ndiye ninayekulipa, mbona umemruhusu jirani apate hiki?" Nimempa kwa sababu ni chake. Na siku ile jirani alipodai alipwe ukuta mzima upakwe rangi upya kwa ufa uliokuwapo tangu zamani, nilikataa kwa moyo ule ule. Sevea anayekuahidi kwamba "atakupigania" hajaelewa kiti alichokalia, au anaelewa na anakuuzia maneno.

Sheria haidai sevea awe na cheti chochote. Mtu yeyote anaweza kuteuliwa, isipokuwa mwenye mgogoro mwenyewe. Kwa hiyo kuchagua ni juu yako. Tafuta mwanachama wa RICS, chama cha kitaaluma cha masevea, au wa vyama vya masevea wa kuta za pamoja, kama Pyramus & Thisbe au Faculty of Party Wall Surveyors. Muulize anatoza kiasi maalumu kwa kazi nzima au kwa saa, na kama ripoti ya hali ya nyumba imo ndani ya bei au iko nje. Muulize ameshughulikia kazi ngapi za aina yako mwaka huu. Mchora ramani wako anaweza kisheria kuwa sevea, lakini mimi sipendi: ameshaupenda mchoro wake, na jirani ataona hivyo.

Nawe uliye jirani: maombi ya kibali yakishatangazwa na kaunsili, utaanza kupata barua kutoka kampuni usizozijua zikikuambia uziteue, haitakugharimu senti. Si kosa kumteua sevea wako, ila usimteue yule aliyekuwahi kwa bahasha tu. Anayejenga ndiye atakayelipa saa zake, na saa zisizo na maana hugeuka chuki ukutani.

Upande mmoja ukikataa kuteua, haukwamishi. Unaombwa kwa maandishi. Zikipita siku 10 bila kuteua, upande wa pili unaweza kumteulia. Hapo kinakuwa kimya cha hasara, kwa sababu sevea atachaguliwa na mwenzako. Ukipata barua ya siku 10, jibu.

Ndani ya nyumba ya jirani

Watu hudhani kazi ya sevea ni makaratasi. Sehemu yenye thamani zaidi hufanyika tukiwa tumevua viatu sebuleni kwa mtu.

Naingia na tochi, tepu, na kadi ndogo ya plastiki ya kupimia upana wa nyufa. Naanza chumba cha mbele, kona ya dirishani, nafuata kuta kwa mzunguko mmoja, dari, kisha sakafu, halafu chumba kinachofuata. Naandika ninachokiona, si ninachokidhani. Kwa mfano: "Chumba cha nyuma, juu ya mlango wa jikoni. Ufa unaanzia pembe ya kulia ya fremu, unapanda mshazari hadi kwenye ukingo wa dari. Upana nusu milimita chini, milimita moja na nusu juu. Karatasi ya ukutani imechanika urefu wa kiganja." Picha ya mbali, ili chumba kitambulike; picha ya karibu, kadi ikiwa imelazwa juu ya ufa. Naufungua na kuufunga mlango kuona kama unakwaruza. Naangalia vigae vya bafuni vilivyo kwenye ukuta wa pamoja, navigonga kwa kifundo cha kidole, naandika vipi vinalia utupu. Nje naangalia njia ya bustani, ukuta wa mpaka, mfuniko wa mfereji wa maji machafu.

Miezi sita baadaye, chuma kikishapandishwa darini, mama wa nyumba ananipigia: kuna ufa juu ya mlango wa jikoni, fundi wa jirani ameibomoa nyumba. Nafungua ripoti. Ufa upo, pembe ile ile, milimita moja na nusu. Au upo, na sasa ni milimita nne na mlango haufungiki. Vyovyote itakavyokuwa, tunajua, na hakuna anayehitaji kuapa. Ndiyo sababu nasema hata jirani aliyekubali kwa upendo, mfanyie ripoti hii. Inakulinda wewe unayejenga kama inavyomlinda yeye.

Hati ya uamuzi

Baada ya kukagua na kusoma michoro na hesabu za injinia, masevea huandika hati ya uamuzi. Inaeleza kazi gani inaruhusiwa, kwa njia gani na wakati gani: saa za kelele, mashimo ya bimu yakatwe kwa mkono au kwa msumeno badala ya mashine ya kugonga, msingi uchimbwe vipande vipande badala ya mtaro mmoja mrefu, kuta za jirani zikiachwa wazi zifunikwe mvua isiingie, fundi awe na bima. Ripoti ya hali ya nyumba hubandikwa ndani, pamoja na michoro. Inasema nani analipa nini.

Isome yote. Mpe fundi nakala na msome pamoja, kwa sababu yeye ndiye atakayeivunja bila kujua. Ukiona ina kosa, una siku 14 tangu kuipokea kukata rufaa Mahakama ya Kaunti, zikipita, imefunga.

Gharama za kawaida, pamoja na ada ya sevea wa jirani, hubebwa na anayejenga, kwa kuwa yeye ndiye anayefaidika. Masevea wanaweza kuamua vingine, tuseme jirani alipozusha mambo yasiyo na msingi, au ukuta ulikuwa mbovu na unatengenezwa kwa faida ya wote. Kwa kazi ya hatari, jirani anaweza kuomba anayejenga aweke dhamana ya fedha, ili kazi ikiachwa katikati na shimo likiwa wazi, pawe na pesa za kuliziba. Kwa chumba cha chini ya ardhi ningeiomba kila mara. Na hili wengi hawalijui: ukijenga au kuinua ukuta kwa fedha yako, kisha miaka baadaye jirani akautumia kwa nyongeza yake mwenyewe, anakulipa sehemu yake.

Yapo mambo ambayo sevea huyu hayaamui, na usimlipe kuyajadili. Mpaka uko wapi hasa, si kazi yake. Ramani za Land Registry zenyewe huonesha mpaka kwa ujumla tu. Mwanga wa dirishani na kupotea kwa mandhari havimo. Wala hawezi kumwambia mtu asijenge kwa sababu jengo ni baya.

Fundi akianza bila notisi

Sheria haina faini kwa aliyeacha kutoa notisi, na mafundi wengine huitumia hiyo kumtia mteja ujasiri. Usidanganyike. Jirani anaweza kwenda mahakamani na kupata amri ya kusimamisha kazi, mafundi wakakaa bila kazi huku jukwaa la kukodi likiendelea kula pesa kila wiki.

Ukiwa wewe ndiye jirani, chukua hatua siku ile ile unayoona mtaro unachimbwa. Mwandikie mwenye nyumba, mweleze sheria, mtake asimame na atoe notisi. Asiposikia, ni wakili na mahakama. Zamani masevea wengine walidhani jirani anaweza kumteua sevea hata kama notisi haikutolewa, ili uharibifu ukadiriwe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ilifunga mlango huo: bila notisi, utaratibu wa masevea haupo, na unachobaki nacho ni sheria ya kawaida ya madai. Na usingoje. Amri ya kusimamisha kazi ina maana kazi ikiwa bado inaendelea. Msingi ukishamwagwa zege umebaki na madai ya fidia tu, na utayathibitishaje kama hukupiga picha kuta zako? Hata kwa simu, chumba kwa chumba, leo.

Wakati wa kazi na baada yake

Fundi akihitaji kusimama upande wa jirani, kujenga jukwaa uani kwake au kupiga lipu ukuta unaoonekana kutoka kwake, sheria inamruhusu pale inapokuwa lazima, baada ya taarifa ya siku 14. Kwa dharura muda hupungua. Kumzuia mtu mwenye haki hiyo ni kosa. Lakini fundi kuruka ua asubuhi kwa sababu "dakika mbili tu" si haki hiyo, na ndiyo chanzo cha nusu ya simu ninazopigiwa.

Uharibifu ukitokea, jirani apige picha, amwandikie sevea, asitengeneze kwanza. Tukithibitisha, ana chaguo: fundi wa upande unaojenga aje arekebishe, au apewe fedha zenye thamani ya marekebisho amtafute fundi wake. Wengi huchagua fedha, na mimi nawaelewa.

Kazi ikiisha, mwite sevea arudi na ile ripoti, apite chumba kwa chumba kabla jukwaa halijashushwa, wakati fundi bado yupo na chokaa bado ipo. Kisha weka notisi, ridhaa, hati ya uamuzi na cheti cha kanuni za ujenzi katika faili moja. Siku utakapouza, ile fomu ya maelezo ya nyumba anayojaza muuzaji ina swali kuhusu notisi za kuta za pamoja, na wakili wa mnunuzi ataomba hati hizo kwa jina.